Nani Kasema Njombe Hakuna cha Kuona?

Kila Desemba ikikaribia, shule zikifungwa na maofisi yakipungua watu, swali la likizo huulizwa kwa namna ile ile: mwaka huu mnakwenda Serengeti, Ngorongoro, Mikumi, au mnavuka kwenda Zanzibar? Asiye na fedha za kufika huko huhesabiwa kuwa hana likizo. Amebaki tu nyumbani. Na anayetaja Njombe hutazamwa kwa mshangao. Huko kuna nini zaidi ya baridi, viazi na mbao? Ubaya zaidi ni kwamba sisi wenyewe tuliozaliwa huku, Mawengi na vijiji vya jirani wilayani Ludewa, tumelikubali jibu hilo. Mgeni akituuliza cha kuona, tunamwelekeza Ruaha.

Kauli hiyo naipinga, kwanza kwa sababu si ya kweli. Pili, inawanyima watoto wetu nchi yao, na inawanyima wanavijiji wetu fedha ambazo zingeweza kupita mikononi mwao. Wala sina ugomvi na hifadhi. Serengeti ni hazina ya dunia nzima, na anayetaka kuibeza hajui anachosema. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mahali pasipo lango la hifadhi, tiketi na simba si mahali pa kupumzikia.

Imani hii ina historia, na ni vizuri tuikumbuke. Mwaka 1961, nchi ikielekea Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori, akiahidi kwamba Tanganyika itawatunza wanyama wake kwa ajili ya vizazi vijavyo. Katika kipindi hicho hicho ananukuliwa akisema kwamba yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama na hakutamani kumaliza likizo yake akitazama mamba; hata hivyo aliunga mkono kwa nguvu wabaki hai, kwa sababu wageni wengi kutoka Marekani na Ulaya wangelipa kuja kuwaona, na fedha zao zingelisaidia taifa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwaka 2024 wageni wa kimataifa walioingia nchini walipita milioni mbili, na wengi wao walivutwa na wanyama, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar.

Lakini tazama alivyotenganisha mambo mawili. Wanyama walikuwa bidhaa ya kuuzia nje. Likizo ya Mtanzania ilikuwa jambo jingine, na hilo Mwalimu hakulipangia mamba. Kilichotokea baadaye ni kwamba tuliichukua bidhaa ya kuuza tukaifanya kipimo cha furaha yetu wenyewe. Wakulima wa Makete hulima pareto kwa ajili ya viwanda vya dawa za wadudu, lakini hakuna aliyewahi kupima utamu wa mlo wake kwa pareto. Sisi tumefanya hivyo kwa likizo. Kile ambacho mgeni kutoka Berlin hulipia kwa dola, nasi tumekiona ndiyo mapumziko pekee yenye heshima, na kila kilichobaki tumekiita kijijini.

Ugonjwa huu hauko kwetu peke yetu. Huko Florida, Marekani, tangu Walt Disney World ilipofunguliwa karibu na Orlando mwaka 1971, mamilioni ya watu huruka hadi jimbo hilo, hupanga foleni kwenye michezo ya kubuni, kisha huruka kurudi kwao. Nyuma yao hubaki chemchemi za maji maangavu wanakokimbilia nguva majira ya baridi, na kinamasi kikubwa cha Everglades ambacho sehemu yake ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1947. Wenyeji wa jimbo hilo hawachoki kuwaambia wageni kwamba Florida ni kubwa kuliko geti la Disney. Kama watu wenye fedha na matangazo kiasi kile wanalazimika kuitetea nchi yao dhidi ya lango moja, sisi tumekaa kimya kwa sababu gani?

Kimya hicho kimegharimu hata mipango mikubwa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliokusudia kuinua utalii wa Kusini. Hifadhi zilizopewa kipaumbele zilikuwa nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo la Selous ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Kusini yote, yenye mikoa, milima, ziwa na historia yake, ikageuka malango manne. Mwaka 2024, baada ya malalamiko ya wananchi wanaoishi kando ya Ruaha, benki ilisimamisha utoaji wa fedha, na mwisho wa mwaka huo mradi ukafutwa. Ukiweka matumaini yote ya kanda kwenye eneo ambalo mwananchi haruhusiwi kuishi, kulima wala kuchunga, usishangae mwananchi huyo akiuona utalii kama jirani mwenye bunduki. Utalii wa mahali wanapoishi watu haumhamishi mtu. Hauwezi hata kuanza bila yeye.

Basi nijibu swali lenyewe: kuna nini?

Anza Makambako, mji ambao wengi wanaujua kwa dirisha la basi. Hapa barabara kuu ya kwenda Zambia inaachana na ile ya Songea, na hapa ndipo reli ya TAZARA inapofika juu baada ya kuikwea ngazi ya milima kutoka bonde la Kilombero. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilipata kazi yake ngumu kuliko zote katika kipande cha Mlimba hadi Makambako: mahandaki, madaraja, kona juu ya mabonde. Aliyepita kipande hicho kwa treni mchana ameona kitu ambacho hakuna gari la watalii linaloweza kumwonyesha, nacho ni juhudi za wafanyakazi wa Kitanzania, Kizambia na Kichina zilizochongwa ndani ya jiwe.

Kutoka Makambako ni kilomita kama 60 hadi Njombe mjini. Pembeni mwa barabara unaona mashamba ya miwati na mipaina. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya miwati yanayotumika kusindika ngozi, na uchumi wa miti wa Njombe umeota mizizi hapo. Kibena na Luponde kuna chai iliyopandwa kwa mistari hadi upeo wa macho. Maporomoko ya Ruhuji unayafikia kwa miguu kutoka mjini. Jibini ya Njombe, iliyotokana na ushirikiano wa wafugaji wadogo na shirika la Kiitaliano la CEFA, unaila mahali inapotengenezwa. Na anayependa historia aende Yakobi. Septemba 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia misheni ya Walutheri iliyokuwa pale, na Wabena, wenyeji wa Njombe, walikuwa mstari wa mbele. Watoto wetu hufundishwa Maji Maji kana kwamba ilianzia na kuishia Matumbi na Songea, wakati ardhi ya vita hivyo ni hii wanayoikanyaga.

Kisha shuka kwetu. Barabara ya Itoni, Ludewa hadi Manda ilikuwa kwa miaka mingi hadithi ya matope na magari yaliyokwama. Sasa kipande cha kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi kimejengwa kwa zege, kwa sababu milima ni mikali, mvua ni nyingi, na barabara ilitazamiwa kubeba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Lori la makaa ya mawe litapita siku litakapopita. Lakini mtu anaweza kupita leo, na kuiendesha barabara ile asubuhi ukungu unapoinuka mabondeni ni safari inayotosha kuitwa likizo kwa haki yake yenyewe.

Mawengi kuna kitu ambacho nchi nzima ingepaswa kuja kukiona. Kwenye Mto Kisongo kuna mtambo wa umeme wa maji wa kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA, na watumiaji wenyewe wakaunda chombo chao cha kuuendesha: LUMAMA, yaani Lupande, Madunda na Mawengi. Wanavijiji ndio wanaokusanya malipo, wanaochagua viongozi na wanaohangaika mashine ikiharibika. Mashine za kusaga, saluni, karakana za seremala na taa za kusomea zilipata umeme kutokana na mto unaopita mlangoni. Shule hukodi mabasi kupeleka wanafunzi Mikumi wakaone twiga, nami nakubali, twiga aonwe. Lakini mwanafunzi anayesoma fizikia ya nguvu za maji kwenye karatasi, na mtambo upo mkoani kwake, kwa nini hajawahi kusimama kando ya mfereji wake na kumuuliza fundi wa kijiji maswali?

Endelea kushuka hadi Lupingu, na utatoka nyanda zinazokaribia mita 2,000 hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi umevaa sweta, mchana unaoga ziwani. Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kulizidi. Wale wadogo wenye rangi wanaoishi miambani huuzwa hadi Ulaya na Marekani wakafugwe kwenye matangi ya vioo. Wazungu wanawalipia kuwatazama sebuleni mwao, na sisi tulio kwenye ufuko wenyewe tunasema hakuna cha kuona. Meli za ziwa zimekuwa zikitia nanga Lupingu na Manda zikielekea Liuli na Mbamba Bay. Liuli ndiko boti ya Waingereza, Gwendolen, ilikoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza.

Karibu na Manda Mto Ruhuhu unaingia ziwani, na bonde lake ni miongoni mwa maeneo yenye maana kubwa kwa wanaochunguza historia ya uhai duniani. Miaka ya 1930 mtaalamu wa Kiingereza, Rex Parrington, alikusanya mifupa humo. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kwamba sehemu ya mifupa hiyo ni ya kiumbe waliyempa jina Nyasasaurus parringtoni, ambaye huenda ndiye dinosa wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu wa karibu sana wa dinosa, wa miaka kama milioni 243 iliyopita. Mifupa iko London. Lindi kuna Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba dinosa kati ya 1909 na 1913 na kuwapeleka Berlin, na Watanzania wengi wamesikia habari hizo. Ruhuhu ni wangapi wameisikia?

Na ukitaka hifadhi kwa lazima, Njombe inayo, tena ni ile inayoivunja hoja ya wanaodhani hifadhi ni simba. Kitulo, iliyo Makete na kuingia Mkoa wa Mbeya, ilitangazwa rasmi mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Ina zaidi ya kilomita za mraba 400, na aina za okidi peke yake ni kama 45. Maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, mvua inaponyesha. Wenyeji wameliita eneo hilo Bustani ya Mungu kabla ya ofisi yoyote kuandika tangazo. Kwenye majani ya nyanda hizi huishi ndege mdogo ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Cisticola njombe. Ana jina letu katika vitabu vya dunia, na sisi hatumjui.

Sasa nizijibu hoja za wanaonipinga, kwa maana wapo na baadhi wana sababu.

Wanasema: wageni wa nje wanataka wanyama, na fedha za kigeni ndizo zinazohitajika. Sawa. Waende Serengeti, na serikali ikusanye mapato yake. Mimi nawazungumzia watu wa Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na Iringa, wenye mishahara na biashara, wanaosafiri ndani ya nchi. Kwa Mtanzania, kiingilio cha hifadhi si kikubwa. Kinachommaliza ni gari la kukodi na chumba cha hoteli, na fedha hizo kwa sehemu kubwa hubaki kwa kampuni chache. Anayepanda basi hadi Njombe, akalala gesti, akala kwa mama ntilie, akampa kijana wa bodaboda nauli ya kwenda maporomoko, amegawa fedha ile ile kwa mikono mingi kabla ya jua kuzama. Wachaga wametuonyesha njia: kila Desemba Moshi hujaa watu waliorudi kwao, na mkoa mzima huchangamka bila mnyama hata mmoja kutajwa. Kurudi nyumbani kunaweza kuwa uchumi.

Wanasema: hakuna hoteli. Ni kweli kwamba vyumba vya kifahari ni vichache. Lakini Njombe na Makambako zimejaa nyumba za kulala wageni, na misheni za mkoa huu zimepokea wasafiri kwa zaidi ya karne. Tusilolifanya ni kuuliza, kuandika bei, na kumwambia mgeni mapema atapata maji ya moto au hatapata. Hilo ni tatizo la mpangilio, na halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Wanasema: kuna baridi na mvua. Ndiyo, Juni na Julai baridi ya Njombe huingia mifupani, na asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa sakitu. Anayeishi kwenye joto la Dar es Salaam mwaka mzima anakuja kupumzikia nini, joto lingine? Mvua za masika ndizo zinazoleta ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi michanga hukatwa ncha, mbeta ya kukingia utomvu hufungwa, na asubuhi na jioni mgemaji hupita kuvuna. Ulanzi mpya ni mtamu na mtu yeyote anaweza kuuonja. Ukikaa huchachuka na kuwa mkali. Kazi hiyo ina ustadi, ina wakati wake, na haionekani kiangazi.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni hii: watu si vivutio. Wanaoitoa wanaogopa kwamba tutageuza vijiji kuwa jukwaa, bibi zetu wachezeshwe ngoma kwa noti ya shilingi elfu mbili, na watoto wapigwe picha kama swala. Woga huo ni wa haki na nauheshimu. Nimeona mahali ambapo hayo yametokea, na sitaki yafike Mawengi. Lakini tunayo kanuni ya zamani kuliko utalii wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa desturi zetu haji kutazama watu wakifanya kazi; siku mbili anapumzika na kulishwa, ya tatu anaingia shambani pamoja na wenyeji. Likizo ya kuvuna viazi na familia, ya kujifunza kusuka tenga, ya kuuliza namna Wapangwa, wenyeji wa Ludewa, walivyoyeyusha chuma kabla ya Wakoloni na kusikilizwa na wazee wenye subira, haimfanyi mwenyeji kuwa onyesho. Inamfanya mwalimu, na mgeni anakuwa mwanafunzi wake. Aliyesalimiwa kamwene akajua kuitika hawezi tena kumpiga mwenzake picha bila kumwomba ruhusa.

Kwa hiyo nina madai, na nayatoa waziwazi. Halmashauri za mkoa huu ziache kuandika kwenye taarifa zao kwamba vivutio vyetu ni vya kuendelezwa siku moja. Ziandike leo njia, umbali, nauli na majina ya vijiji vilivyokubali kupokea wageni, na vijiji vyenyewe vipange bei na masharti. Shule za sekondari ziweke mtambo wa Mawengi, Yakobi na bonde la Ruhuhu katika safari zao za mafunzo kabla ya kukodi basi la kwenda mbali. Wizara inapozungumzia utalii wa Kusini iache kuhesabu hifadhi peke yake. Ihesabu pia barabara ya zege, meli, soko la Makambako na kijiji.

Na nyinyi wenzangu mnaoishi mijini, mlioacha nyumba za wazazi Lugarawa, Milo, Lupembe na Makete, likizo hii msiseme mmekosa pa kwenda. Pandeni basi. Waleteni watoto wenu pamoja na marafiki zao ambao hawana kwao huku. Lipeni chumba, lipeni chakula, lipeni mwongozaji, msiombe bure kwa sababu ni ndugu. Mkifanya hivyo kwa wingi, gesti zitaongeza maji ya moto, vijana watajifunza historia ili waieleze, na yule anayesema Njombe hakuna cha kuona atalazimika kwanza kuja kuona.